Kosa la dawa bila barua ya kujieleza: shajara ya mradi, mkoani Lindi

Mwishoni mwa Januari

Kamati ya Dawa na Tiba imekubali tuanze. Mimi ni mfamasia wa hospitali na katibu wa kamati hiyo, kwa hiyo kazi ya kuandika maendeleo imeniangukia. Nimeona niyaandike kama yanavyotokea, kwa sababu ripoti ya robo mwaka hunyooshwa hadi haifanani tena na yaliyotokea wodini.

Mradi wenyewe ni huu: nesi, tabibu, daktari au mtu wa dirisha la dawa aweze kusema pale dawa inapokwenda siko, au inapokaribia kwenda siko, na asiadhibiwe kwa kusema. Hatuna mfadhili. Karatasi zinatoka kwenye mashine ya ofisi, na visanduku ametengeneza fundi wa hospitali kwa mbao zilizobaki kwenye ukarabati wa wodi ya wazazi.

Kila wodi ina daftari la matukio, na nimeyapitia yote. Mgonjwa aliyeanguka kitandani yumo. Ndugu aliyemtukana mlinzi yumo. Nyoka aliyeingia choo cha wodi ya wanaume yumo pia, ameandikwa kwa saa na dakika. Kosa la dawa halimo hata moja. Ukiyasoma utadhani hospitali hii haijawahi kumpa mgonjwa dozi pungufu tangu ijengwe.

Sababu kila mtu anaijua: barua ya kujieleza. Ukikosea, unaandikiwa utoe maelezo kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu. Unajibu ndani ya muda uliopewa, na nakala inalala kwenye jalada lako. Hata ukisamehewa, karatasi haitoki. Siku ya kuzungumzia kupandishwa daraja jalada linafunguliwa na karatasi imo mle inakusubiri. Nani atajipeleka mwenyewe?

Kwa hiyo kabla ya fomu na kabla ya kisanduku tumeandika waraka wa nusu ukurasa. Unasema taarifa ya kosa la dawa inakuja famasi, haipiti masjala, haiingii kwenye jalada la mtu, wala haitatumika kumwandikia mtu barua. Wamesaini Mganga Mfawidhi, Metroni na Katibu wa Afya, ambaye ndiye mtunza majalada. Katibu alisaini wa mwisho. Aliniuliza kama nina uhakika na ninachokifanya. Nikamwambia kwamba mwaka 2017, mjini Bonn, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kampeni ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika. Miaka mitano imekuja ikapita, na sisi hatuwezi kusema kama tumepunguza au tumeongeza, maana hatuna hata pa kuanzia kuhesabu. Akasaini, lakini sidhani kama jibu langu lilimtosha.

Februari

Fomu imekula muda kuliko nilivyotarajia. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, ina zile ngazi tisa za ukali zinazotumika Marekani, kuanzia A ambayo ni hali inayoweza kuzaa kosa hadi I ambayo ni kifo. Metroni aliishika, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Hii nani ataijaza saa kumi alfajiri?" Akanirudishia.

Ya sasa ni nusu karatasi, kwa Kiswahili. Inauliza kilitokea nini au kilikaribia kutokea nini, ni dawa gani, ilimfikia mgonjwa au iliishia njiani, na nini kingesaidia lisitokee. Zile ngazi tisa nimebaki nazo mimi, nitapanga mwenyewe famasi. Jina la aliyeandika halina nafasi, la aliyekosea pia halina.

Swali la mwisho lilizua ubishi. Daktari mmoja alisema fomu ya tukio si mahali pa maoni. Nimeling'ang'ania kwa sababu anayeombwa ushauri hajioni mtuhumiwa, na pia kwa sababu nesi anayeshika sirinji kila siku anajua mambo ya sirinji kuliko kamati nzima ikikaa.

Nimeeleza kila wodi kwamba fomu hii haichukui nafasi ya fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya taifa inayosimamia dawa na vifaa tiba. Mgonjwa akitokwa na vipele, akivimba uso au akipata madhara mengine baada ya dawa, ya njano ijazwe na iende kwa Mamlaka kama kawaida. Nimegundua wapo waliokuwa wakiikwepa hata hiyo ya njano, wakidhani ni kujishtaki.

Kisanduku cha kwanza tulikitundika ukutani nje ya ofisi ya Metroni. Nilipokifungua nilikuta karatasi moja, inayolalamikia sukari ya chai ya zamu ya usiku. (Malalamiko ya haki. Nimeyafikisha.) Hakuna mtu atakayesimama mlangoni kwa bosi wake mchana kweupe akidumbukiza karatasi huku wenzake wanapita. Tumevihamishia ndani ya vyumba vya dawa vya wodi, ambako kila mtu ana sababu ya kuingia na mlango unafungika.

Machi, Ramadhani

Mvua bado zinanyesha na wodi ya watoto imejaa malaria. Zamu za jioni ni nyembamba wakati wa kufuturu; waliobaki wodini wanabeba na sehemu ya waliotoka kidogo.

Fomu zilizoingia zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na karibu zote zinasema habari za wodi nyingine. Wodi ya wanaume imeiripoti wodi ya wazazi, wodi ya wazazi imeiripoti famasi, na famasi (watu wangu hao) wamewaripoti madaktari. Haya tuyaite majungu yaliyowekwa kwenye fomu. Nilikasirika kidogo, kisha nikamwendea nesi mmoja wa siku nyingi anayeheshimika na kila mtu, nikamuuliza kwa nini wodi yake haijaandika kitu.

"Mwanangu," akaniambia, "usiku zamu tunakuwa wawili. Nikiandika, si mimi basi ni mwenzangu. Sasa hilo jina mlilolitoa kwenye fomu mmelitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Hospitali ya taifa yenye mamia ya wauguzi labda inaweza kuahidi usiri. Hapa kwetu mwandiko unajulikana, zamu inajulikana, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani ana shangazi anayekaa jirani na Metroni. Tulikuwa tunauza kitu tusichokuwa nacho, na watu walikuwa wameshaona hivyo. Kuanzia sasa sitaisemea tena siri ya jina. Ninachoweza kuahidi ni kitakachomfuata mtu baada ya kusema, na hilo linathibitika siku taarifa nzito ya kwanza itakapoingia.

Nimeanza pia kwenda kwenye kukabidhiana zamu asubuhi. Siulizi nani amekosea. Nauliza, "Usiku dawa gani imewasumbua?" Halafu nakaa kimya na daftari langu. Siku ya kwanza walitazamana. Siku zilizofuata ikawa kazi kuwahi kuandika.

Magnesiamu salfeti imetajwa kuliko zote. Ampuli zetu ni za asilimia 50. Mama mwenye kifafa cha mimba anaanzishiwa gramu 4 mshipani katika nguvu ya asilimia 20, yaani unavuta mililita 8 za dawa na kuongeza mililita 12 za maji ya sindano zipatikane mililita 20. Mchana ni hesabu ya darasani. Saa nane usiku, mama anatetemeka, mwenzako anamshikilia asianguke, taa ya chumba cha kujifungulia inapepesa, hesabu ileile inakuwa nyingine. Wakunga wamenieleza kuwa huwa wanaulizana kwa sauti, mmoja anasema nane, mwingine anasema kumi na mbili. Huo ni utaratibu mzuri waliojitungia wenyewe na hakuna kitabu chetu kilichowahi kuuandika. Nimechapa kadi kubwa, imebandikwa juu ya meza ya dharura, na kulikuwa na nafasi chini nikaongeza dalili za kusimamisha dawa: pumzi chini ya 16 kwa dakika, goti lisiloruka ukiligonga, mkojo chini ya mililita 30 kwa saa. Na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, ikae pembeni, isifungiwe kwangu famasi.

Insulini: sirinji zake zikiisha, watu wanatumia za kawaida, na uniti 10 ni sehemu moja ya kumi ya mililita. Mkono ukiteleza kidogo tu umezidisha. Juu ya hapo kuna ile herufi U, ambayo daktari akiiandika haraka hufanana na sifuri, na 10 ikasomeka 100. Tumekubaliana neno "uniti" liandikwe lote.

Oksitosini, dawa ya kuzuia mama kutokwa damu baada ya kujifungua, inayotaka baridi, na friji wakati umeme umekatika. Jentamaisini kwa mtoto aliyekadiriwa uzito kwa macho kwa sababu mizani imeharibika. Haya mawili sina la kuyafanyia kwa karatasi. Yamekwenda kwenye orodha ya manunuzi na matengenezo, na mizani nimeipigia kelele hadi Katibu amenikwepa koridoni.

Baada ya Idd

Taarifa nzito imeingia. Naiandika kwa urefu kwa sababu mradi mzima ulikuwa unasubiri hii.

Mtoto wa kilo 10, malaria kali, yuko kwenye sindano za artesuneti. Wasioijua dawa hii: kichupa kina unga wa miligramu 60. Unauyeyusha kwa mililita 1 ya bikaboneti iliyokuja nao, kisha unaongeza maji ya chumvi au ya sukari. Ukitaka kuipitisha mshipani unaongeza mililita 5, ikawa miligramu 10 kwa kila mililita. Ukitaka kuichoma kwenye msuli unaongeza mililita 2 tu, ikawa miligramu 20 kwa kila mililita. Mtoto yule, kwa miligramu 3 kwa kilo, alihitaji miligramu 30: mililita 3 za mshipani, au mililita moja na nusu za msuli. Kichupa ni kilekile, na kikishachanganywa rangi haikwambii ni mchanganyiko upi.

Nesi wa jioni aliichanganya ya mshipani. Kabla hajachoma, kanula (mrija wa mshipani) ikatoka, mtoto alikuwa anapiga mateke. Ulikuwa wakati wa kukabidhiana. Aliyepokea akatafuta mshipa akaukosa, akaamua kuchoma msuli, na hilo linaruhusiwa. Akatazama jedwali la ukutani, safu ya msuli, akasoma mililita moja na nusu, akavuta, akachoma. Mtoto akapata miligramu 15, nusu ya dozi, katika ugonjwa ambao saa za mwanzo ndizo zinazoamua.

Aliyeligundua ni yeye mwenyewe aliyechoma. Alipokuwa anatupa kichupa aliona kimebaki na dawa nyingi. Mchanganyiko wa msuli wote huwa mililita 3, na mle zilikuwa zimebaki nne na nusu. Angeweza kukitupa, na hakuna ambaye angejua. Alimwita daktari wa zamu palepale, dozi ikarekebishwa usiku uleule, na asubuhi akajaza fomu kwa mwandiko wake wa kawaida bila kujificha. Mtoto aliendelea vizuri na ameruhusiwa.

Mama yake aliambiwa na daktari, nesi akiwa amesimama pembeni. Wapo waliosema asiambiwe kwa kuwa mtoto amepona. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama dawa iliyokosekana ameshapewa, kisha akasema, "Bora mmeniambia nyinyi kuliko nikayasikie kwa wa kitanda cha pili." Maana kitanda cha pili kilikuwa kinajua tangu usiku.

Kufikia saa nne asubuhi barua ya kujieleza ilikuwa imeshachapwa. Haikutokana na fomu. Fomu ilikuwa mezani kwangu. Habari zilifika ofisini kwa miguu yake, kama zinavyofika zote. Hoja ya Katibu ilikuwa na mantiki yake: waraka unalinda fomu, yeye hakutumia fomu, amesikia kwa njia nyingine.

Kikao kilifanyika kwa Mganga Mfawidhi na kilikuwa kirefu. Nilisema jambo moja na kulirudia: nesi huyu anajulikana kwa sababu amesema. Wangapi wamechoma nusu dozi kwenye wodi ile na hawajulikani? Tukimwandikia, kila nesi wa hospitali hii atajua kuwa kosa lake lilikuwa kutazama kichupa kabla ya kukitupa. Metroni akaongeza, kwa sauti yake ya taratibu, kwamba akiletewa barua ile aipitishe, atauliza pia kwa nini jedwali la ukutani halisemi safu ipi ni ya mchanganyiko upi, na jedwali lile limebandikwa na uongozi.

Barua haikutoka. Katika kubishana tulipata mpaka ambao waraka wa kwanza haukuwa nao. Anayekuja kazini amelewa, anayedhuru kwa makusudi, anayeiba dawa, na anayebadilisha kadi ya mgonjwa ili kuficha: hao wanakwenda kwenye nidhamu na mradi huu hauwatetei. Wengine wote wanabaki kwenye kamati, taarifa iwe imekuja kwa fomu, kwa mdomo au kwa shangazi wa jirani. Katibu ndiye aliyeleta hilo la kubadilisha kadi, na naona ndilo lililo zito kuliko yote manne. Nimemshukuru mbele ya watu.

Wodini tumefanya mambo madogo. Kila kichupa cha artesuneti kikichanganywa kinapigwa plasta na kuandikwa MSHIPA au MSULI pamoja na saa, maana kikishapita saa moja ni cha kutupa. Kichupa kilichochanganywa hakirithishwi zamu. Anayepokea anachanganya chake. Jedwali la ukutani limechapwa upya, safu mbili rangi mbili, kila moja juu yake imeandikwa umeongeza mililita ngapi. Gharama yote ni plasta na wino.

Mei

Ghafla fomu zimekuwa nyingi. Wodi ya watoto inaongoza, na sasa watu wanaandika habari za wodi zao wenyewe.

Kwenye kikao cha mwezi mjumbe mmoja wa timu ya uendeshaji aliangalia jedwali langu akauliza mbona tangu mradi uanze makosa yameongezeka, na kama ni busara takwimu hizi kwenda wilayani. Nililitegemea swali hilo ila si mapema hivyo. Nikamwomba afungue daftari la matukio la mwaka jana ahesabu makosa ya dawa. Hakuna. Je, mwaka jana tulikuwa malaika?

Halafu nikawasimulia habari ya ndege, ambayo naona inaingia kwa watu kuliko mfano wa hospitali. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA namba 514 ilijigonga mlimani Virginia ikielekea kutua Washington, wakafa watu wote 92. Rubani alielewa ruhusa ya kukaribia uwanja kuwa ni ruhusa ya kushuka. Wiki kadhaa nyuma marubani wa shirika jingine walikuwa wameielewa vivyo hivyo, wakaukosa mlima uleule kwa bahati. Nao waliripoti. Shirika lao likawaonya marubani wake, basi, taarifa ikaishia ndani ya nyumba moja. Baada ya hapo Marekani ilianzisha mfumo wa taarifa za usalama wa anga, mwaka 1976, na ukapewa NASA, shirika lao la anga za juu, kuuendesha, kwa sababu NASA haitoi leseni za marubani wala haiwanyang'anyi. Mtu akamwambie asiyeweza kumwadhibu.

Mfawidhi akauliza, "Kwa hiyo NASA yetu ni famasi?" Watu wakacheka, lakini ndiyo, kwa sasa ni famasi. Jedwali litakwenda wilayani likiwa na maelezo yake juu, ili asiyekuwepo asilisome kinyume.

Juni

Madaktari hawaandiki. Fomu zote zinatoka kwa wauguzi, wakunga na dirisha la dawa, ingawa safari ya kosa mara nyingi imeanzia kwenye kalamu, au siku hizi kwenye kompyuta: unaandika herufi tatu, M-E-T, orodha inashuka, metfomini na metronidazoli zimekaa jirani, kidole kinateleza. Dirisha la dawa limekamata ya namna hiyo kwa kumuuliza bibi mmoja anaumwa nini. "Sukari," alisema, na karatasi yake ina dawa ya amiba.

Nimeomba dakika tano kwenye ripoti ya asubuhi. Daktari kijana wa mafunzo akauliza mbele ya wote: waraka wenu unanilinda mahakamani? Akataja kesi ya Tennessee. Anaijua vizuri, na nimeisoma upya baadaye. Mwaka 2017, Nashville, nesi RaDonda Vaught alitafuta Versed, dawa ya kutuliza, kwenye kabati la dawa la kompyuta kwa kuandika herufi V na E. Kabati lilikuwa linatafuta kwa jina la kitaalamu, midazolamu, kwa hiyo halikuiona. Akapita njia ya dharura, likamtolea vekuroniamu, dawa inayolegeza misuli hadi pumzi inasimama. Mgonjwa akafariki. Nesi alikiri mwenyewe mapema. Machi 2022 mahakama ilimtia hatiani, na Mei akapewa adhabu ya miaka mitatu ya uangalizi bila kwenda gerezani.

Sikumdanganya. Nilimwambia karatasi ya nusu ukurasa haimfungi jaji, wala haiifungi mikono ya baraza linalotoa leseni. Inazifunga ofisi tatu za hospitali hii. Kukaa kimya nako hakumlindi mtu mahakamani, lakini nilijisikia vibaya kulisema hilo kama ushindi, nikaliacha. Kijana alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu kamili halipo kwangu. Lipo kwa watunga sheria.

Wiki ileile tabibu mmoja amejaza fomu kuhusu dozi ya mtoto aliyoiandika kwa nukta bila sifuri mbele yake, ambapo .5 husomeka 5. Ndiyo ya kwanza kutoka upande wa waandika dawa.

Mizani ya watoto imefika. Naandika tu ibaki kwenye kumbukumbu.

Julai

Shehena mpya kutoka Bohari ya Dawa imegawiwa. Jana asubuhi mhudumu wa usafi wa chumba cha kujifungulia, mama mtu mzima, alinisimamisha uani.

"Dokta, vile vichupa vya kahawia vinafanana. Mie nikipangusa trei naogopa kuvirudisha."

"Vipi hivyo, Mama?"

Akaenda nami. Ampuli za vitamini K na za adrenalini, zote kioo cha kahawia, urefu karibu sawa, maandishi ya kusomea karibu na dirisha, zimelala trei moja. Vitamini K kila mtoto mchanga huchomwa akishazaliwa. Adrenalini kwa kichanga mzima, sitaki hata kuwaza.

Hakuna aliyekosea bado. Ni ngazi A kabisa, ndiyo tunayoitafuta kuliko zote, na imeletwa na mtu ambaye mradi haukumhesabu. Tulipofanya mafunzo ya fomu hatukuwaita wahudumu. Tulidhani hawashiki dawa. Wanashika trei kila siku. Nimejaza fomu kwa maneno yake mwenyewe nikamsomea, akasema sawa, ila akataka niongeze kwamba taa ya pale ni hafifu. Nimeongeza. Adrenalini imehamia kwenye toroli ya dharura peke yake, na wahudumu wanaingia kwenye mafunzo ya wiki ijayo.

Mambo mengine mawili. Mganga Mfawidhi amepata uhamisho. Ule waraka una jina lake, na wodini wameshaanza kuulizana kama bado una nguvu. Nimeuandika upya kwa vyeo, mpaka ule wa mambo manne umo ndani, na uko kwenye jalada la makabidhiano ili mpya asaini akiripoti. Katibu wa Afya ameshasaini. Safari hii alikuwa wa kwanza.

La pili ni zile ampuli. Shehena yenyewe imekwenda pia kwenye vituo vya afya na zahanati za wilaya nzima, na huko mkunga mara nyingi yuko peke yake. Nimepiga picha ampuli mbili zikiwa sambamba, nimezituma kwenye kundi la simu la wafamasia na wasimamizi wa dawa wa wilaya, na nimewapigia wasimamizi wa vituo. Wengi wameshatenganisha trei zao, na kituo kimoja kimeomba fomu yetu. Zahanati mbili za mbali mtandao haujashika; dereva wa gari la wagonjwa anapita huko kesho, nimempa picha zilizochapwa.